Jezi namba 3 ya Maldini, msimu wa 2008/09: je, inastahili bei yake?

Ni jezi ya nyumbani ya AC Milan, msimu wa 2008/09. Mistari myekundu na myeusi ya wima, bwin kwa herufi nyeupe kifuani, nembo ya Adidas, na mgongoni MALDINI juu ya namba 3. Nimeinunua ikiwa imeshavaliwa, kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Italia anayeshughulika na jezi za zamani tu, kwa euro 140, gharama ya kutuma mbali. Kwa nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, hiyo ni pesa ya kukufanya upige hesabu mara mbili. Nimeivaa, nimeifua, nimeigeuza ndani nje chini ya taa, na jibu langu ni kwamba inastahili. Ila yapo mambo ya kuangalia kabla hujatoa pesa yako, na nitayasema.

Anayetaka jezi ya Paolo Maldini, beki wa Milan, ana pa kuchagua. Aliingia kikosi cha kwanza Januari 20, 1985 kule Udine, akiwa na miaka 16, na akatundika daluga Mei 31, 2009. Katikati hapo kuna misimu 25, mechi 902, ubingwa wa Italia mara 7 na Kombe la Ulaya mara 5. Wengi wanatafuta nyeupe ya fainali ya Manchester 2003, usiku alionyanyua kombe miaka 40 baada ya baba yake Cesare kulinyanyua Wembley, naye akiwa nahodha wa Milan hiyohiyo. Wengine wanataka ya Athens 2007, Milan ilipoilaza Liverpool 2-1 na kitambaa cha unahodha kikiwa bado mkononi kwake akikaribia miaka 39. Hata ya Istanbul 2005 ina wateja, maana beki huyu alifunga goli la fainali kabla dakika ya kwanza haijaisha, halafu mambo yakageuka, Milan ikafungwa na Liverpool kwa penalti. Wauzaji wanazijua tarehe hizo kuliko sisi, na bei wanazipanga kwa kufuata tarehe.

Ya 2008/09 haina kombe. Milan ilimaliza ya tatu kwenye ligi, na Kombe la UEFA ikatolewa na Werder Bremen. Mimi hiyohiyo ndiyo niliyoitaka, kwa sababu ndiyo jezi ya msimu aliotuaga.

Wasiokumbuka niwakumbushe, kwani bila habari hii jezi yenyewe ni kitambaa tu. Mei 24, 2009, San Siro, Milan dhidi ya Roma, mechi yake ya mwisho nyumbani. Milan ilifungwa 3-2. Baada ya filimbi Maldini akaanza kuzunguka uwanja kuaga. Uwanja mwingi ulikuwa umesimama unampigia makofi. Alipofika upande wa Curva Sud, jukwaa la mashabiki wenye ngoma na mabendera, akapokewa na miluzi. Si wote waliopiga, lakini walitosha kusikika. Kulikuwa na bango lililosema kwamba uwanjani yeye ni bingwa asiye na mwisho, ila aliwakosea heshima waliomtajirisha. Wakaimba kwamba nahodha ni mmoja tu, na hawakuwa wakimwimba yeye. Walitandaza jezi kubwa namba 6, ya Franco Baresi, nahodha aliyemtangulia.

Chanzo kilikuwa ugomvi wa siku nyingi kati yake na viongozi wa jukwaa lile, hasa maneno yaliyopita baada ya Istanbul. Hakuwahi kuwa mchezaji wa kukaa nao vikao wala kuwaomba radhi kwa kufungwa fainali. Baadaye alisema anajivunia kutokuwa mmoja wao.

Mimi msimamo wangu ni mmoja tangu siku ile. Aliyecheza robo karne kwenye klabu moja hana deni kwa yeyote. Na kitu kinachoniuma zaidi katika habari nzima si miluzi, ni ile jezi. Baresi na Maldini walicheza bega kwa bega miaka zaidi ya kumi, pamoja na Tassotti na Costacurta, wakaunda safu ya ulinzi ambayo mpaka leo makocha wanaitolea mfano. Baresi alipostaafu 1997, kitambaa kilimwendea Maldini. Leo jezi ya beki mmoja ichukuliwe itumike kumchoma beki mwenzake, mtu ambaye yeye ndiye aliyemlea uwanjani? Jezi ya mchezaji aliyestaafu ni ya kumheshimia. Hiyo ndiyo sababu nilitaka kuwa na namba 3 ya msimu uleule, nami niwe nimeweka ya kwangu upande wa pili wa mizani.

Wiki moja baadaye, Mei 31, Milan ikaenda Florence. Hapa ndipo penye utamu. Fiorentina hawakuwa wanacheza mechi ya kupunga upepo: wangeshinda, wangeikamata Milan kwa pointi kwenye nafasi ya tatu, nafasi ya kuingia Ligi ya Mabingwa moja kwa moja bila mchujo. Walifungwa 2-0, Kaká na Pato. Nafasi imekwenda, msimu umeisha kwa kipigo nyumbani, na mashabiki walewale wakasimama wakampigia Maldini makofi. Mashabiki wa timu pinzani, hawana undugu naye, amewakaba kwa miaka yote ya maisha yao, wakamuaga kwa namna ambayo sehemu ya nyumbani kwake ilishindwa. Siku hiyo pia ilikuwa ya mwisho kwa Kaká kabla ya kwenda Real Madrid, na ya mwisho kwa kocha Ancelotti, kwa hiyo ilikuwa enzi nzima inafunga virago, lakini makofi ya Florence yalikuwa ya beki.

Sasa jezi yenyewe.

Kitambaa ni polyester nyepesi, na baada ya miaka yote hii bado kinapitisha hewa vizuri. Nyekundu haijapauka kuelekea waridi, jambo ambalo ndilo la kwanza kuliangalia kwa jezi za Milan, kwa kuwa jezi iliyoanikwa juani mara nyingi huanza kuchujuka mabegani. Nyeusi ya kwapani imefifia kidogo kuliko ya kifuani. Hiyo ni kawaida kwa jezi iliyovaliwa kweli, na mimi ningeitilia shaka kama isingekuwa hivyo. Mshono wa pembeni mzima. Ukosi haujalegea. Pindo la chini lina uzi mmoja uliochomoka upande wa kushoto, nimeuacha hivyohivyo, maana ukianza kukata nyuzi za jezi ya zamani hujui utaishia wapi.

Nembo ya klabu kifuani imekaa sawa, kingo hazijajikunja. Maneno ya mdhamini yana mikwaruzo midogo kwenye herufi ya mwisho. Ukiwa umesimama hatua mbili huyaoni.

Mgongoni ndipo pesa ilipo. Namba 3 imebandikwa kwa joto, ni ule utando mwembamba unaoshikamana na kitambaa kwa gundi chini ya mashine ya kukandamiza. Ukipitisha kidole juu yake unasikia ukingo wa namba, kisha ndani ya ukingo unasikia nyufa ndogondogo zinazokwenda kwa mlalo, pale mvaaji wa kwanza alipokuwa anainama na kuinuka. Kwenye mpindo wa juu wa 3 kuna kipande kimechunika, kidogo, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho, na chini yake unaona mstari mwekundu wa kitambaa. Jina liko imara. Herufi ya D peke yake ndiyo iliyoanza kuinuka kwenye kona.

Hicho kipande kilichochunika hakikuonekana kwenye picha za muuzaji. Picha ya mgongo ilipigwa kwa mbali na mwanga ukaimeza sehemu hiyo. Nilimwandikia nikamtumia picha nilizopiga mwenyewe, akajibu kwa adabu na kunirudishia euro 15. Naona alitenda haki, lakini kwa jezi ya bei hii picha ya karibu ya namba haikupaswa kuombwa. Somo lake ni jepesi kwako: kabla ya kulipa, omba picha tatu. Namba kwa karibu, jina kwa karibu, na lebo ya ndani ikisomeka.

Lebo ya ndani ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jezi za Adidas za miaka ile zina lebo ndogo yenye namba ya bidhaa. Ichukue namba hiyo uitafute mtandaoni. Zikija picha za jezi nyingine, koti la mvua au kaptula ya timu ya nchi nyingine, unayouziwa ni feki, achana nayo hata muuzaji akuapie. Kisha linganisha umbo la namba na picha za mechi za msimu huohuo, siyo za msimu mwingine. Wanaobandika jezi tupu kwa jina la Maldini miaka kumi baadaye hukosea hapo: jezi ni halali, lakini 3 ina tumbo tofauti, au jina limekaa juu mno karibu na ukosi. Jezi ya namna hiyo si haramu kuivaa. Ila usiilipie bei ya jezi iliyotoka dukani na namba yake mwaka 2008.

Saizi nayo ina mambo yake. Lebo inasema L, ila nilipoitandaza mezani na kupima kutoka kwapa hadi kwapa nikapata sentimita 53, ambayo kwa jezi nyingi za sasa za kukaa huru ni M ya kujibana. Mtu mwenye kifua kipana aongeze saizi, na asiamini herufi, aamini sentimita. Urefu wake ni wa kutosha, ukiinua mikono tumbo halibaki nje.

Kitu kingine kinachoipandisha thamani ni kwamba jezi za mabeki ni adimu. Pekua jezi za Milan za msimu huo uone majina yanayojitokeza: Kaká 22, Ronaldinho 80, Pato 7, Beckham 32 aliyekuja kwa mkopo miezi michache tu. Milan ya mwaka ule ilikuwa na majina ya kuuza jezi. Mtoto aliyepewa pesa ya jezi moja, akachagua beki wa miaka 40 anayeelekea kustaafu, huyo alikuwa shabiki wa aina yake, na nadhani alikuwa wa aina hiyo mtu aliyeivaa hii kabla yangu. Mimi mwenyewe hucheza beki wa kushoto mwisho wa wiki, na najua hakuna anayeimba jina la beki dakika ya 20. Unaitwa tu ukikosea. Mtu anayeweka jina la beki mgongoni amekaa akatazama mechi kwa utulivu.

Nilivaa jezi hii tulipokutana mashabiki wa Milan kutazama marudio ya mechi ya Florence. Tulikuwa wengi, na migongo mingi ilikuwa ya washambuliaji. Mzee mmoja, Milan damu tangu enzi za Gullit na van Basten, aliniita kabla sijaketi.

"Mwanangu, hebu geuka."

Nikageuka. Akaweka kiganja juu ya namba, akakipitisha polepole kwenye zile nyufa.

"Hii imechezewa," akasema. "Huyu bwana alikuwa anamaliza mechi kaptula yake safi. Wenzake wanateleza kwenye matope, yeye ameshafika kabla ya mpira."

Nikamwambia, "Shikamoo mzee, ndiyo maana niliitafuta." Akaitikia marahaba na kuendelea kutusimulia Maldini aliyetumia mguu wa kulia kwa asili lakini akacheza kushoto mpaka watu wakasahau, na jinsi alivyohamia katikati miguu ilipoanza kupungua mbio. Sifa nyingine zote tulikuwa tunazijua, lakini ile ya kaptula sikuwahi kuisikia ikisemwa vile. Kijana mmoja akataka kuwatetea watu wa Curva, akasema nao walikuwa na machungu yao, walitumia pesa kusafiri hadi Istanbul na kurudi na majonzi. Mzee akamwacha amalize. Kisha kwenye skrini Florence wakasimama kupiga makofi, na sisi tukasimama nao, yule kijana akiwemo.

Kwa anayejiuliza kama asubiri toleo jipya, ajue kwamba jezi yenye namba 3 na jina la mchezaji mwingine wa Milan hutaiona. Klabu iliistaafisha namba hiyo, kwa sharti moja: mtoto wa Maldini akifika kikosi cha kwanza anaweza kupewa. Daniel alifika, Februari 2020 dhidi ya Verona, akawa kizazi cha tatu cha familia hiyo kuivaa Milan, lakini hakuvaa 3. Septemba 2021 akafunga goli lake la kwanza la Serie A kule Spezia, akiwa na 27 mgongoni. Namba 3 ikaendelea kukaa kabatini. Namba 6 ya Baresi nayo ilistaafishwa mwaka 1997, na ukijua kwamba mtu huyo alibaki na Milan iliposhushwa daraja mara mbili mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutauliza kwa nini. Inter nao wamefanya hivyo kwa mabeki, 3 ya Facchetti na 4 ya Zanetti. Si kila klabu ina utaratibu huo. Carragher aliicheza Liverpool mechi 737, wakamwimba siku ya kuaga Mei 2013, na mwaka uliofuata 23 ikapewa Emre Can. Kila klabu na desturi yake, ila mimi napenda hii ya Milan, na inakupa sababu ya kununua ya zamani badala ya kusubiri.

Kuna jezi zilizoshonwa upya kwa kuiga za zamani, nazo nimewahi kuzishika. Ni nafuu, kitambaa kizito zaidi, namba haina ufa hata mmoja. Kwa anayetaka kwenda nayo uwanjani kila wiki, kumwagikiwa vinywaji na kukumbatiwa na watu asiowajua, ningemshauri achukue hiyo na asione haya. Heshima ni ileile. Ya kwangu nitaivaa siku chache za mwaka.

Utunzaji wake usichukulie kirahisi. Ifue kwa mkono, maji ya baridi au yasiyozidi nyuzijoto 30, ikiwa imegeuzwa ndani nje. Dawa ya kulainisha nguo usitie, inalegeza gundi ya namba. Usiikamue kwa kuisokota; ikandamize kwenye taulo. Anika kivulini. Pasi isiguse namba kabisa, na mashine ya kukaushia nguo ndiyo adui mkubwa, maana joto ndilo lililoibandika namba na joto ndilo litakaloibandua. Ukiikunja, kunja kandokando ya namba, mstari wa mkunjo usipite juu yake, la sivyo ufa mpya utaanzia hapohapo. Ile D iliyoinuka sijaigusa. Nimeshauriwa niweke karatasi ya kuokea juu yake na kuikandamiza kwa joto dogo, lakini nitampelekea fundi wa kubandika jezi aiangalie kwanza.

Alama: kitambaa tisa kwa kumi, namba saba, muuzaji saba, jezi kwa ujumla tisa. Kama una euro 140 na unaipenda Milan, nunua. Kama unazo na huipendi Milan ila umewahi kusimama kumpigia makofi beki wa timu pinzani, nunua pia.

Kwa upande wangu sasa natafuta nyeupe ya Athens 2007, namba 3, sentimita 53 au zaidi kwapa hadi kwapa, namba isiwe imechunika. Mwenye nayo anitumie picha tatu.